Dondoo Halijitetei Lenyewe: Jinsi ya Kukisia kwa Ushahidi na Kuandika Hoja Yenye Ithibati

Swali la fasihi likianza na "Thibitisha kwamba..." au "Kwa kurejelea kifungu...", makosa huja kwa njia mbili. Mwanafunzi wa kwanza anatoa maoni matupu: mhusika fulani ni mbinafsi, basi, tumwamini. Wa pili ananukuu sentensi nne nzima, anafunga alama za kunukuu, anaandika "hii inaonyesha kuwa ni mbinafsi" na kuhamia hoja inayofuata. Wa pili hujiona salama kwa kuwa ameweka ithibati, lakini wote wawili wameruka kazi ileile: kueleza ni neno gani katika matini, na kwa vipi, linatufikisha kwenye hoja. Alama nyingi hupotelea hapo.

Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo kutoka kwenye kusoma hadi kwenye kuandika. Tutatumia kifungu kimoja kifupi kilichotungwa kwa ajili ya zoezi hili, chenye sentensi zilizopewa namba. Kisome mara moja bila kalamu.

(1) Mzee Shaali aliikunja barua mara mbili, akaitia chini ya mkeka.
(2) "Mwanao anasemaje?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.
(3) "Hajambo. Anakusalimu."
(4) Mkewe alikuja na dele la kahawa na vikombe vitatu, akaketi ukingoni mwa mkeka.
(5) "Mwezi huu pia?"
(6) "Mambo ya mjini, Mama Kombo, yanataka subira."
(7) Mkewe aliitazama nguzo ya pembeni, ambayo mchwa walikuwa wameshaipanda hadi usawa wa kiuno.
(8) Alimimina vikombe viwili, cha tatu akakifudikiza.
(9) Kahawa haikuwa na sukari.

Usomaji wa pili ni wa penseli

Sasa rudia ukiwa na penseli. Usipigie mstari kila kinachopendeza, maana ukurasa ukishajaa mistari hauna tena msaada. Tafuta vitu vinne tu.

Cha kwanza ni kitendo ambacho mtu angeweza kutokifanya. Barua inaweza kuachwa mezani au kusomwa kwa sauti. Mzee Shaali ameitia chini ya mkeka. Cha pili ni jibu lisilolingana na swali. Mke ameuliza "anasemaje", na jibu ni la hali na salamu tu. Cha tatu ni vineno vidogo vinavyobeba mzigo: pia, tena, bado, hata, ndiye, mbona, kumbe. Hivi wasomaji huvipita kama kokoto njiani, na mara nyingi ndivyo vyenye ushahidi mzito kuliko vitenzi. Cha nne ni kitu kilichotajwa ilhali hadithi ingekwenda bila hicho. Nguzo yenye mchwa haikulazimika kuwepo, wala kikombe cha tatu.

Pembeni mwa kila alama andika neno moja: "ficha", "hajibu", "pia?", "kwa nini nguzo?". Usiandike maana bado. Ukiandika "umaskini" mapema, macho yataanza kutafuta umaskini kila mahali.

Tenga kilichosemwa na kinachodokezwa

Chora safu tatu kwenye karatasi. Ya kwanza: kifungu kinasema nini waziwazi. Ya pili: kinadokeza nini. Ya tatu: nimeongeza nini mimi kutoka kichwani mwangu. Safu ya tatu ndiyo inayookoa watu, na ndiyo isiyochorwa.

Tuanze na sentensi ya 5, "Mwezi huu pia?" Kilichosemwa ni swali kuhusu mwezi huu, hakuna zaidi. Kinachodokezwa ni kwamba kuna jambo lilitokea miezi iliyopita na limejirudia, kwa sababu neno "pia" haliwezi kusimama pasipo tukio la awali. Wengi huongeza hapo: "Kijana hatumi fedha." Angalia tena kifungu. Neno fedha halimo. Wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliwahi kutuma chochote.

Je, ni makosa basi kusema kijana hajatuma fedha? La, ila hitimisho hilo linahitaji mnyororo. Jambo ni la kila mwezi (5). Kijana yuko mjini, na mambo yake "yanataka subira" (6). Mara baada ya kuambiwa asubiri, mke anatazama nguzo inayoliwa na mchwa, yaani sehemu ya nyumba inayohitaji kutengenezwa (7). Na baba ameona afadhali barua isionekane (1). Hakuna hata kimoja kati ya hivi vinne kinachotosha peke yake, lakini vyote vinaelekea upande mmoja na hakuna kinachovuta upande wa pili. Hapo unaweza kuandika, "Kifungu kinadokeza kwamba kijana ameshindwa tena kutuma msaada uliotarajiwa nyumbani." Neno "kinadokeza" linapima hitimisho lako kwa uzito wa ushahidi ulionao.

Chuja kila kisio kwa maswali matatu

Kabla kisio halijawa hoja, liulize: Ni neno gani hasa linalokubeba? Je, kuna maelezo mengine yanayolitosheleza neno hilohilo? Je, kuna sehemu nyingine ya matini inayokupinga?

Kahawa ya sentensi ya 9 ni mtego mzuri wa swali la pili. Mwanafunzi wa bara atasema upesi: hakuna sukari, hivyo familia ni fukara. Lakini pwani ya Waswahili kahawa chungu hunywewa bila sukari kwa desturi, pamoja na tende, kashata au haluwa, na anayeinywa hivyo anaweza kuwa tajiri wa mtaa. Maelezo haya ya pili yana nguvu kuliko ya kwanza, kwa hiyo sukari haiwezi kuwa ithibati ya umaskini. Hata hivyo msimulizi ameona inafaa kututajia, tena mwishoni. Pengine uchungu wa kahawa unaendana na uchungu wa mazungumzo. Unaweza kusema hivyo, lakini iwe hoja ya kusindikiza hoja nyingine, isiwe nguzo. Kwa umaskini, tumia mchwa.

"Mama Kombo" nayo ina mtego wake. Jina hilo linatuambia kwamba mama huyu ana mtoto aitwaye Kombo, na kwa kawaida mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Halituambii kwamba barua imetoka kwa Kombo. Wasahihishaji hukutana na majibu yanayosema "Kombo amewatelekeza wazazi wake" kana kwamba imeandikwa. Andika "kijana wao".

Na kikombe cha tatu? Hapa ndipo palipo utamu wa kifungu, na ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi. Mke ameleta vitatu, akamimina viwili, cha tatu akakifudikiza. Mtu anaweza kusema alimtarajia mgeni. Mwingine atasema ni kikombe cha kijana, ambacho kwa mazoea bado kinaletwa, na kukifudikiza ni kukata tamaa. Maelezo ya pili yanaungwa mkono na mpangilio: kikombe kinafudikizwa baada ya jibu la "subira", wakati kilipoletwa jibu hilo lilikuwa halijatolewa. Kuna kitu kimebadilika kati ya sentensi ya 4 na ya 8, na katikati yake ni mazungumzo yale. Habari ya mgeni haina tegemeo lolote. Chagua la pili, lakini andika "huenda" au "yaelekea", kisha utoe sababu hiyo ya mpangilio. Huo mpangilio ndio ushahidi wako, kuliko kikombe chenyewe.

Maneno ya mhusika ni ushahidi wa nini?

Swali hili hurukwa sana. Mzee Shaali anapohimiza subira, wapo wanaoandika: "Mzee Shaali ni mvumilivu, kwa mfano anasema 'yanataka subira'." Kumhimiza mwenzako avumilie hakuthibitishi kwamba wewe ni mvumilivu, kunathibitisha kwamba unataka yeye anyamaze au atulie. Maneno ya mhusika hutuonyesha kwanza anachotaka msikilizaji wake aamini. Ili kumpa mtu sifa, tanguliza alichofanya, halafu alichosema, halafu waliyosema wengine juu yake, na kila mara angalia msemaji ana maslahi gani. Sauti ya msimulizi huwa na uzito zaidi, ila msimulizi wa nafsi ya kwanza naye ni mhusika, mchunguze vilevile.

Pima pia uzito wa sifa unayoitoa. Je, Mzee Shaali ni mwongo? Rudi kwenye sentensi ya 3. "Hajambo. Anakusalimu." Yote mawili yanaweza kuwa kweli tupu. Hakusema uongo wowote tunaoweza kuuthibitisha, ameacha kusema. Anapobanwa kwa "Mwezi huu pia?" hakani. Sifa inayomtosha ni msiri, au mtu anayekwepa. Ukimwita mwongo au mnafiki umemvisha kanzu isiyo yake, na mtahini akikudai sentensi ya uongo wake hutakuwa nayo.

Kuandika aya ya hoja

Aya nzuri ina vipande vinne: hoja, muktadha kwa ufupi, dondoo au tukio, na ufafanuzi. Muktadha usizidi sentensi moja. Dondoo liwe fupi. Maneno matatu hadi manane yanatosha mara nyingi. Ufafanuzi ndio uwe mrefu kuliko vyote, angalau mara mbili ya dondoo. Ukiona dondoo limeuzidi ufafanuzi, ujue bado unanakili.

Hii ni aya dhaifu:

"Mke wa Mzee Shaali ni mwerevu. Hii ni kwa sababu ana akili sana. Kwa mfano, tunaambiwa, 'Mkewe alikuja na dele la kahawa na vikombe vitatu, akaketi ukingoni mwa mkeka. "Mwezi huu pia?"' Hii inaonyesha wazi kwamba mke wa Mzee Shaali ni mwerevu."

Sentensi ya pili inarudia ya kwanza kwa maneno mengine. Dondoo limebeba dele, vikombe na mkeka, vitu visivyohusika na werevu. Sentensi ya mwisho inarudi pale tulipoanzia bila kueleza neno lolote. Na "wazi" imewekwa mahali ambapo hakuna kilichowekwa wazi. Mwandishi anapoliegemea neno hilo, mara nyingi ufafanuzi umemshinda.

Linganisha na hii:

"Mke wa Mzee Shaali ni mwerevu wa kusoma hali. Mumewe anapomwambia tu kwamba kijana 'hajambo', yeye hadai kuiona barua, bali anauliza, 'Mwezi huu pia?' Neno 'pia' linaonyesha kwamba anaijua habari iliyofichwa, na kwamba ameitambua kwa kulinganisha ukimya wa leo na wa miezi iliyopita, kwa kuwa barua yenyewe haijafika mkononi mwake. Mumewe hamkanushi, anakimbilia 'subira', na kwa kufanya hivyo anakiri kwamba mkewe amepatia."

Dondoo ni maneno matatu. Neno moja, "pia", limefafanuliwa hadi likatoa kilichomo, na sentensi ya mwisho imeleta ushahidi wa pili kutoka mahali pengine. Huna haja ya kuandika "hii inaonyesha kuwa ni mwerevu" tena, msomaji ameshafika.

Vitenzi vya kuunganisha dondoo na hoja vina ngazi zake. "Anasema" na "anaeleza" ni vya kilichoandikwa waziwazi. "Inaonyesha" na "inathibitisha" ni vya hitimisho lisilo na mshindani. "Inadokeza" na "inaashiria" ni vya kisio lenye vidokezo zaidi ya kimoja. "Huenda" na "yaelekea" ni vya kisio lenye mshindani aliyeshindwa kwa hoja. Usivichanganye kwa ajili ya kupamba lugha.

Kuhusu alama: maneno ya matini yaingie kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu. Ukikata katikati weka nukta tatu. Ukiongeza neno lako ili sentensi ieleweke, liwe ndani ya mabano ya mraba. Usikate mahali panapobadilisha maana. "Yanataka subira" bila "mambo ya mjini" bado ni sawa. Kukata "haikuwa" kwenye sentensi ya 9 ni kughushi.

Kwenye ushairi

Utaratibu haubadiliki, ila kuna tahadhari mbili. Tazama ubeti huu, nao umetungwa kwa zoezi hili:

Nilipanda mwembe wangu, uani penye kisima,
Nikaulinda kwa rungu, usiguswe na wanyama,
Leo embe si la kwangu, majirani wanachuma,
Nimesalia na rungu, kivulini nimehama.

Tahadhari ya kwanza ni kutomchanganya mshairi na nafsineni. Anayelalamika ni "mimi" wa shairi, na tunachokijua juu yake ni kile kilichomo katika mishororo minne. Ya pili ni umbo. Kila kipande, yaani nusu ya mshororo, kina mizani (silabi) 8, na vina vya kati ni -ngu. Mtunzi akiandika "si la kwangu" pale ambapo "si langu" ingetosha, yaelekea anatimiza mizani. Usijenge hoja ya umiliki juu ya neno lililoletwa na hesabu ya silabi.

Neno lenye mzigo hapa ni "rungu". Limetokea mara mbili. Katika mshororo wa pili ni chombo cha kuulinda mti dhidi ya wanyama, na katika wa nne ndicho pekee kilichosalia mkononi mwa mlinzi. Waliochuma walikuwa majirani, watu ambao rungu halikuandaliwa kwa ajili yao. Hicho ni kinaya, na ithibati yake iko katika kurudiwa kwa neno moja katika hali mbili tofauti. Je, mwembe ni jazanda, yaani picha inayosimamia jambo jingine, ya ardhi, au ya uhuru wa nchi? Matini inakuruhusu kusema ni jazanda ya jasho la mtu linalowanufaisha wengine. Ukitaka kusema ni nchi, tafuta neno la kukuvusha: mpaka, bendera, mzalendo, mkoloni. Hapa halipo. Katika shairi zima huenda lingekuwepo katika ubeti wa tano, ndiyo maana hupaswi kujibu swali la maudhui kwa ubeti mmoja.

Ndani ya chumba cha mtihani

Karatasi ya fasihi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yenye namba 102/3, ina alama 80: maswali manne ya alama 20 kila moja. Tanzania, swali la insha ya fasihi katika kidato cha nne mara nyingi hudai vitabu viwili, hoja tatu kwa kila kimoja. Kote kuwili vitabu teule haviingii ukumbini, kwa hiyo ushahidi unaubeba kichwani.

Usijaribu kukariri aya. Kwa kila mhusika mkuu weka vifungu viwili vya maneno matatu hadi sita, na matukio matatu yenye majibu manne kila moja: nani, kwa nani, wapi, kukatokea nini. Usipolikumbuka dondoo neno kwa neno, eleza tukio kwa usahihi bila alama za kunukuu. Tukio mahususi ni ithibati kamili. Dondoo la kubuni ni hatari, kwa sababu mtahini anakijua kitabu kuliko wewe. "Alimtendea vibaya mkewe" si tukio; "aliificha barua chini ya mkeka mkewe alipokuwa jikoni" ni tukio.

Swali la "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)" linataka msemaji, msemewa, mahali, na sababu ya kusemwa, alama moja moja. Halitaki ukisie. Andika vinne hivyo na usonge mbele. Kwenye ufahamu, "kulingana na kifungu" maana yake jibu limo ndani: hata kama kifungu kinapingana na unachokijua kutoka gazetini, jibu kutoka kwenye kifungu. Na Tanzania, hoja tatu kwa kila kitabu ni hoja tatu tofauti. "Umaskini", "hali duni" na "ukosefu wa fedha" ni moja iliyovaa nguo tatu.

Ukibakiza dakika tano, fanya ukaguzi mmoja tu. Katika kila aya ziba dondoo kwa kidole na usome ufafanuzi peke yake. Kama ufafanuzi huo ungeweza kubandikwa kwenye hadithi yoyote nyingine, haujagusa matini. Rudi, chagua neno moja ndani ya dondoo, na uandike juu yake walau sentensi moja.